Temwe ya Kartoni

Ninyi vijana ba kujifunza kazi ya ngozi, munakuyaka ku mulango yangu na ngozi mu sashi ya plastiki, na sindano, na ile pwenso ya kutobolea munanunuaka ku soko, munasema: Mama Bea, tuonyeshe. Ninabapatia kiti, ninabapatia mayi ya kunywa. Lakini kuonyesha, sitaonyesha. Mukono yangu haitagusa ngozi yenu. Bengine munarudia munanung'unika mu njia, ninabasikia: mama ule anaficha kazi, anaogopa tutamupita. Munipite wapi? Miye nilisha simama zamani. Balinikataza mikono. Kinywa habakuikataza, na kalamu habakuifikiria, juu balijua miye masomo niliachia mu mwaka ya tano ya primeri. Njo vile ninaandika.

Mu Kampemba, mutaa yetu hii, banasemaka kama ni miye nilimukata Sangwa muguu. Sangwa ni muntu ya kuuzisha nyama ku soko, na mpaka leo anachechemea. Ninataka mujue nani alimukata, juu jina yangu inatembea mu kinywa ya bantu miaka yote hii na hakuna muntu anaitetea. Bakosefu ni batatu. Ya kwanza ni Fidèle, patron yetu, mwenye kazi, ule ya nyumba ya etaje, ya kupanda na ngazi, kule Bel-Air. Ya pili ni Jeannot, mukata-ngozi yake. Ya tatu tutamufikia.

Kwanza kazi. Kama haujue kazi, hautaona kosa iko wapi.

Bantu banazarauka mufuko ya kisu. Banasema kiatu njo kazi, sakoshi ya bibi njo kazi. Mufuko ya kisu ni ngozi moja unakunja, unashona pembeni moja, basi. Ni kweli, unakunja, unashona pembeni moja. Lakini kiatu ikifunguka unatembea na aibu mpaka ku nyumba. Mufuko ya kisu ikifunguka, ndani kuko kisu.

Ule alinifundisha ni Tata Chola. Alikuwa Mubemba, murefu, shingo sawa ya kuku balisha kunyonyoa, na mu maisha yake yote alikuwa anashona mikaba ya mashini. Ninyi hamukuiona ile mikaba. Zamani, mashini mingi mu ba atelier, nyumba za kazi, zilikuwa zinazungushwa na mukaba ya ngozi, murefu sawa njia, na kama inakatika, kulikuwa muntu ya kuishona na mukono. Ule muntu alikuwa yeye. Alikuwa anasemaka: "Mukaba ikikatika inapiga muntu mu kichwa, anaanguka, hajue ata nini ilimupiga. Miye nilijifunza kushona na woga. Na weye shona na woga."

Wakati ile miye nilikuwa nashona ba robe na maputa ya kujifunga ya bamama, na tulikuwa tunagawana barza moja. Siku moja aliniangalia, aliniangalia, kisha alisema:

"Mwana, unashona sawa muntu anakimbia polisi."

"Na weye tata unashona sawa muntu polisi ilisha mukamata."

Alicheka mpaka alikohoa. Kesho yake alinitupia kipande ya ngozi ku magoti. Vile njo niliingia mu kazi, hakuna barua, hakuna fomu.

Sindano ni mbili, uzi ni moja. Muiandike na herufi kubwa. Haiko sawa mashini. Mashini iko na uzi ya juu na uzi ya chini, zinashikana katikati. Moja ikikatika, zote zinakwenda, inafunguka mpaka ku mwisho. Sisi tunatia sindano huku na sindano kule, ku uzi moja ile ile, na mu kila shimo sindano zote mbili zinapita, moja inatoka kuume, moja inatoka kushoto, zinapishana sawa bantu babili mu mulango mwembamba. Ukikata shono moja, zingine hazijue kama mwenzao alikufa. Zinakaa. Uzi ukate murefu, mara ine ya fasi utashona, na uongeze kidogo. Upitishe mu nta ya nyuki, ile nyeusi-nyeusi bamama ba asali banauzisha, mara tatu, mpaka uzi inalia mu bidole. Musidanganyike na buji, mushumaa ya kuwasha. Buji inavunjika mu baridi ya mwezi ya sita, inatoa unga nyeupe, mufuko inaonekana sawa iko na upele.

Mashimo yafatane. Chukua kanya, ile ya kulia chakula, finya meno yake ku ngozi kama ngozi ingali na mayi kidogo, kisha tia jino ya kwanza mu alama ya mwisho, finya tena, vile vile mpaka chini. Tata Chola alikuwa na kanya moja ya meno matatu. Alisemaka ile ya ine ilibaki mu kidole ya mwanafunzi yake ya kwanza. Sikujua kama ni kweli, lakini nilikuwa nachunga bidole. Na pwenso, musipoteze feza ku soko: chukua rayo ya velo, zile chuma nyembamba za mu gurudumu ya baiskeli, usage ncha yake ku jiwe, utie ku kipande ya muti. Ya kwangu ilitumika miaka kumi na kitu.

Ku mwisho hakuna fundo. Unarudia nyuma mashimo mbili, unakata, basi. Fundo ni ya muntu hajiamini.

Sasa temwe. Hii njo musisahau ata kama munasahau mengine yote.

Angalia mufuko ya kisu ya kweli ku pembeni, pale balishona. Utaona ngozi ya mbele, ngozi ya nyuma, na katikati yao ukanda mwembamba ya ngozi, inashuka kuanzia ku kinywa ya mufuko mpaka ku ncha. Makali ya kisu inalala juu ya ule ukanda. Bila ukanda, makali inalala juu ya uzi, na uzi ni uzi, ata ukiitia nta ya asali ya dunia nzima. Sisi tulikuwa tunaita ule ukanda temwe, sawa temwe ya ndoa, ule anasimamaka karibu na bwana na bibi akishuhudia.

"Ngozi ya mbele ni bwana," Tata Chola alisema, "ya nyuma ni bibi. Kisu ni magumu, itaingia kati yao kila siku. Temwe njo anakatwa kwanza. Kama temwe iko muzima, ndoa inakaa."

Nilimulomba: "Na temwe ya ndoa yako, tata, alikuwa nani?"

"Alikuwa shemeki yangu. Njo maana unaniona ninajisongeaka bukari miye peke."

Temwe ikatwe mu ngozi ile ile, unene sawa mugongo ya kisu. Kama kisu iko munene, weka mbili. Muibandike kwanza na kole, mungoje ikauke, kisha mutoboe yote tatu pamoja. Kisha, ikisha kushonwa, mulowanishe mufuko mu mayi ya vuguvugu, mufunike kisu na sashi, muitie ndani, mufinye na bidole mpaka ngozi inashika umbo yake. Mukisahau sashi, kisu inapata kutu na ngozi inapata alama nyeusi, na client anarudisha zote mbili ku uso yenu.

Miye makosa yangu ya kwanza haikuwa ile. Yangu ilikuwa shaba. Sisi bantu ba huku tuko na kiburi ya shaba, tunafikiri kintu ikiwa na shaba ni lazima iko muzuri. Nilipata waya munene ya shaba, nilikata vipande, nilivipiga nyundo vikakuwa misumari ya kupamba, nilivipanga ku mufuko ya muwindaji mumoja, musitari mbili, vinang'aa sawa macho ya paka. Muwindaji alifurahi, alivaa, alienda mu pori. Alirudia kisha mvua. Ku kila musumari ilitoka majimaji ya kijani, mazito, sawa makamasi ya mutoto, na kisu yake ilikuwa na madoa ya kijani mpaka ku ncha. Alisema: "Mama, ulinishonea mufuko ao ulinishonea malaria?"

Tata Chola hakunitetea. Aliketi pale pa barza, alisema: "Ngozi iko na chumvi na mafuta, shaba inaikunywa, inatapika. Wote mu muji hii banajua shaba inatapika, ni weye peke ulikuwa haujue." Alinifanya ning'oe misumari yote, moja moja, mbele ya ule muwindaji. Kisha alimushonea ingine na mukono yake, na alimupatia na mikono mbili.

Kintu ingine, na muikumbuke juu itatumika: miye ni muntu ya mukono ya kushoto. Ku nyumba balinipiga sana juu yake. Mama yangu, Mukatolika ya kweli ya kutoka Kongolo, alikuwa anafunga ule mukono na kitambaa wakati ya kula. Haikubadilika. Sasa ukishona na kushoto, mashono yako yanalala upande ingine, sawa majani upepo ikitoka nyuma. Nilitaka kusahihisha. Tata Chola alikataa. "Acha vile. Nitajua kazi yako ata macho yangu ikikufa."

Na macho yake ilikufa kweli. Ilianza kuwa nyeupe, kwanza moja, kisha ya pili. Alibaki nyumbani ya binti yake. Na njo pale Fidèle aliingia.

Fidèle hakujua kushona ata kifungo. Alijua kusema. Alikuwa na client ya kila fasi: ba walinzi, bauzisha-nyama, ba wageni ba mu centre-ville, kati ya muji, benye kutaka kisu ya kuweka ku ukuta. Alikodesha nyumba mu Kampemba, aliweka meza, aliniita miye na bengine batatu, na aliweka Jeannot ya kukata ngozi. Kintu ya kwanza alinunua ilikuwa kashe, ile ya kupiga wino, yenye jina yake mu duara. Alipiga kashe ku meza, ku kiti, ku ndoo, ku bidon ya mayi, ku kartoni za kole zikifika, juu alisema bantu ba kazi beko bezi. Tulikuwa tunasema siku moja tutaamuka na kashe ku paji ya uso.

Siku moja alishika mufuko yangu, aliigeuza.

"Mama Bea, hii ya katikati ni ya nini?"

"Ni temwe, patron."

"Temwe. Tuko pa ndoa hapa?"

Jeannot alicheka. Jeannot alikuwa anacheka kila kintu patron anasema, ata patron akipiga chafya.

Nilimufasiria. Makali, uzi, yote. Alisikiliza na kichwa upande, kisha alisema tuiondoe. Tuliiondoa. Bauzisha-nyama balirudisha mifuko yote. Ninyi munajua muuzisha-nyama: hajue kusoma, lakini kisu anajua. Baligeuza pembeni, balihesabu mbili, balisema ya tatu iko wapi.

Njo Fidèle alipata akili yake. Alimuambia Jeannot akate zile kartoni za kole mu vikanda, azipakae siraji ya viatu, na sisi tuzitie katikati. Ukiangalia pembeni, unaona tatu.

"Patron, ni kartoni," nilisema.

"Kisu itajua je kama ni kartoni?"

Jeannot alicheka tena.

Sasa mutangoja niseme nilikuwa na bana ya kulisha. Hapana. Bana yangu balikuwa bakubwa, na balikuwa banakula ata kabla ya Fidèle kukuya. Nitabaambia kweli. Temwe ya ngozi ni ngumu kutoboa. Bega inauma, gumba inauma, asubui haushike kikombe. Kartoni pwenso inapita sawa mu mukate. Na Fidèle alinipatia kiti yenye mugongo. Bengine balikuwa banaketi ku vibao, miye nilikuwa na kiti yenye mugongo, na kashe yake nyuma. Njo bei yangu ilikuwa ile. Kiti.

Tulishona vile wakati ya mvua nzima.

Tata Chola alikuya siku moja kusalimia, mujukuu yake alimushika mukono. Alilomba aguse kazi. Nilimupatia mufuko. Alipitisha gumba ku mashono, polepole, alicheka kidogo: "Ya kushoto. Ni weye." Kisha gumba ilifika ku pembeni, ilisimama. Alifinya. Alileta mufuko ku pua, alinusa.

"Mwana, hii temwe alikunywa nini? Mbona iko laini?"

"Ni ngozi ya kondoo, tata."

Aliweka mufuko ku magoti yangu, alisema anasikia baridi, arudishwe nyumbani. Alikufa kabla ya mwaka kuisha, na kati yetu maneno ya mwisho ni ile kondoo.

Sangwa alikuwa muntu ya mizaha, sauti kubwa, anaitaka bamama bote "bibi yangu ya pili". Mufuko yake niliishona miye. Alikuwa anaivaa ku paja, na kamba, apate kushika kisu bila kuangalia. Muntu ya nyama, kisu yake inaingia mu mufuko na damu, na mayi, mara mia ku siku. Ngozi inavumilia. Kartoni inalowana, inakuwa bukari. Ndani ya ile mufuko, temwe ilikuwa ilisha yeyuka zamani, na makali ilikuwa inakula uzi, kidogo kidogo, kila siku, na inje kila kintu inaonekana muzuri.

Asubui moja aliinama kubeba paja ya ngombe. Mashono munane ilikuwa ilisha katika. Kisu ilitoka pembeni, iliingia mu paja yake, na alipojaribu kusimama ilishuka mpaka karibu na goti.

Mama mumoja ya kuuzisha nyanya alinikimbilia ku atelier. Nilifika, balikuwa balisha mufunga na maputa mbili, na zote zilikuwa nyekundu. Alikuwa amelala kati ya meza, midomo nyeupe. Aliniona. Alisema, bila kasirani, sawa muntu anakuambia kifungo yako iko wazi:

"Mama Bea, mufuko yako imefunguka."

Haikumuua. Munganga alishona, lakini mushipa ya ndani ilikatika na haikurudia. Muguu ilibaki ya kuvuta.

Alipotoka hospitali, familia yake iliita mukutano mu kiwanja yao. Mukubwa alikuwa shangazi yake, Mama Yumba, mama mufupi, mikono ya kulima. Fidèle alikuya na kesi ya sukre baridi, soda za chupa, aliigawia bantu bote yeye mwenyewe, anauliza habari ya kila mutoto. Mufuko ilikuwa pa meza katikati, kavu, nyeusi na damu.

Jeannot alisema wa kwanza. Hakuniangalia.

"Hii haikutoka ku atelier. Mama Bea anashonaka zake ku nyumba, kwa kificho. Patron alisha mukataza mara mingi."

"Jeannot," nilisema, "weye njo ulikata."

"Miye ninakata ngozi, mama. Kartoni sijue."

Hakuna muntu alikuwa amesema neno kartoni. Niliangalia kama bengine balisikia. Balikuwa banakunywa.

Kukataa kama ni kazi yangu singeweza. Mashono ilikuwa inalala kushoto, na mu Kampemba yote hakukuwa mwingine. Kwa hiyo nililomba wembe. Nilisema: nitafungua, mutaona temwe ni ya nani. Na pale mungeniona nimeketi chini, ninakata mashono yangu moja moja, na hazitaki. Kisu ilikuwa ilisha kata munane, na zingine zilikuwa zinashika sawa meno. Nilikata muda murefu. Kila moja niliishona muzuri, njo uchungu. Uzi ilikuwa muzuri, nta ilikuwa muzuri, kila kintu ilikuwa muzuri ila ile ya katikati.

Chini, karibu na ncha, fasi mayi haikufika sana, ilibaki kipande ya kartoni. Nilikwangua siraji na ukucha. Ilitoka wino ya zambarau, nusu duara. Binti ya Sangwa, ule anasoma, aliinama: "Kuko F. I. D. E imekatika."

Fidèle aliweka chupa yake chini.

"Kartoni zangu zinatupwa inje kila siku," alisema. "Mbuzi zinazikula. Sasa mbuzi ikinyea mu njia, mutasema ni Fidèle?"

Bamoja balicheka. Ninasema kweli, mu ile kiwanja, Sangwa ameketi na muguu ku kiti, bantu balicheka.

Mama Yumba hakucheka. Alisimama, alikuya kwangu, alishika mukono yangu ya kushoto.

"Miye sisome. Kashe sijue, kole sijue. Ninalomba kintu moja. Bea, wakati ulipitisha sindano mu ile kintu, ulijua ni kartoni?"

Nilimuona Fidèle nyuma yake. Alikuwa ananipungia kichwa, polepole: hapana, sema hapana. Na ile njia ilikuwa wazi. Nikisema sikujua, kosa inaangukia Jeannot, mukata. Na Jeannot alikuwa alisha ona, jasho ilikuwa inamutoka. Neno moja tu. Nilikuwa nalo ku ulimi.

Lakini ule mama alikuwa anashika mukono yangu ku kidole, pale ngozi iko ngumu, pale uzi inapita kila siku. Gumba yake ilikuwa pale pale. Musiseme nilikuwa muzuri. Muntu anakushika pale, unamudanganya na nini?

"Nilijua," nilisema.

Ya tatu njo yeye, sasa tumemufikia: Béatrice, miye.

Mama Yumba aliachilia mukono yangu. Alisema: "Basi mikono hii isishone tena mufuko ya kisu ya muntu." Familia ilisema ndiyo. Fidèle naye alisema ndiyo, na sauti ya huruma, na alisema atasaidia dawa. Kisha alikusanya chupa zake, zile tupu, alizipanga mu kesi, alizirudisha.

Nilichunga ile neno. Sikuapa ku kanisa, sikutia sahihi. Lakini tangu siku ile sikushika ngozi. Bantu bananilomba: unamukasirikia Mama Yumba? Ndiyo, ninamukasirikia. Miye aliniuliza, Fidèle hakumuuliza. Ule alisema kweli njo balimubebesha yote, na bale babili ba kusema uongo balirudi nyumbani na mikono yao. Mu kila barza banasema Bea alimukata Sangwa. Hakuna anasema Fidèle. Fidèle anauzisha mu centre-ville sasa, fasi ya vioo, na Jeannot njo anashika funguo ya atelier. Nilipita siku moja, niliingia sawa client. Nilifinya pembeni ya mufuko moja na ukucha. Iliingia. Ninyi mukienda kutafuta kazi kule, na ninajua bamoja banawaza, mufinye kwanza. Ukucha ikiingia, mutoke, ata bakiwapatia kiti yenye mugongo.

Sasa ninabaomba kintu moja, na njo sababu nilivunja kichwa kuandika hizi kurasa zote.

Sangwa alirudia ku soko. Ninamuona kila juma, ninanunua nyama kwa mwingine. Haamini tena mufuko. Anafunga kisu na gazeti na kamba ya sashi, anaitia mu mukaba ya suruali, nyuma, makali iko wazi upande moja. Kila mara anainama, miye ninasimama mu njia na kapu yangu, ninangoja asimame.

Mumoja kati yenu amushonee. Kisu ninaijua: makali yake ni shibiri moja na bidole tatu, ncha inapanda kidogo, mugongo iko munene, kwa hiyo temwe iwe mbili, za ngozi, za shingo ya ngombe, fasi ngumu. Mutoboe shimo kidogo ku ncha, mayi ya nyama ipate kutoka. Isiwe ya ku paja. Iwe ya ku kiuno, upande ya kuume, iinuke kidogo mbele apate kuinama. Mashono ilale sawa ya bantu bote, kuume, asifikiri ni ya kwangu.

Musimuambie nani alibapatia kipimo. Hatabashukuru, anachukia bantu ba kazi yetu, na haki anayo. Muiweke pa meza, kando ya mizani, mutoke.